Hodi Chini ya Ziwa la Shukrani

Hadithi hii haikutokea, na nchi ilikotokea haipo. Atakayedai kwamba anaifahamu nchi hiyo atakuwa amejitaja mwenyewe, na hayo yatakuwa yake na polisi. Sisi tunasimulia tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na ziwa lililotengenezwa na serikali. Mungu alikuwa ameumba mto akaishia hapo. Serikali ikaona kazi ile haijakamilika, ikajenga ukuta wa zege kati ya milima miwili, maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakatulia. Likaitwa Ziwa la Shukrani. Nani alimshukuru nani haikuelezwa, lakini kila mwaka wananchi walikusanywa ukingoni wapige makofi, na asiyepiga aliulizwa mikono yake ina matatizo gani.

Chini ya ziwa hilo kulikuwa na mji. Uliitwa Kitumbati, nao ulikuwa na soko, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga na wanawake wasiokubali kushindwa kwa maneno. Watu wake walipandishwa kilimani wakaambiwa wakae pale kwa muda tu, wakati serikali inawajengea mji mpya wenye umeme wa lile lile bwawa. Kilima kile hakikuwa na jina, wakakiita Kwa Muda. Watoto waliozaliwa Kwa Muda sasa wana ndevu. Mji mpya haujaonekana, na umeme wa bwawa unapita juu ya vichwa vyao katika nyaya nene kwenda mji mkuu, ambako unawasha taa za barabarani mchana kutwa ili jua lisijione liko peke yake.

Sikudhani binti Maulidi alikuwa mdogo, hajaota meno ya pili, maji yalipoingia Kitumbati. Alipokua alipata kazi bwawani. Wageni waliojenga ukuta walimfundisha kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, akawa anashuka kung'oa magugu yanayoziba nondo za kuchujia maji. Wenzake waliofundishwa pamoja naye waliacha kazi mmoja mmoja wakatafuta riziki nchi kavu. Yeye alibaki, na akiulizwa kwa nini, alisema chini ya maji ndiko mahali pekee katika nchi nzima ambako hotuba hazifiki. Kitumbati penyewe hakuwahi kushuka, kwanza kwa sababu upande ule ulikuwa umepigwa marufuku, na pili kwa sababu aliogopa atakachokiona.

Aliishi Kwa Muda na mama yake, Bi. Asumini, mwanamke mwembamba ambaye serikali tatu zilipita akiwa amezikunjia uso ule ule. Watu wa Kitumbati wana jambo lao kuhusu kuhama. Kwao, mtu hahami kwa kubeba vitanda na kuku. Nyumba huwa imehamwa pale mwanamke mwenye nyumba anapoyang'oa mafiga yake matatu kwa mkono wake mwenyewe, akayapindua, akatupa jivu. Maadamu mafiga yamekaa mahali pake, nyumba ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko safarini mwaka mzima. Siku ya maji, Bi. Asumini alibeba vitanda, akabeba kuku, akabeba chungu chake kikubwa cheusi, akamshika Sikudhani mkono. Mafiga hakuyagusa. Tangu siku hiyo alipikia jiko la mkaa. Akiambiwa atafute mawe ainjike vizuri kama watu wengine, alijibu kwamba mwanamke hana majiko mawili, lake liko nyumbani.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka redio ilipotangaza kwamba wamekufa.

*

Tangazo lilisomwa mchana, kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri. Wizara ya Maji, Utalii na Mambo Yaliyokwisha ilikuwa na furaha kuutaarifu ulimwengu kwamba chini ya Ziwa la Shukrani umegunduliwa mji wa kale wa miaka elfu tatu, wa taifa lililoitwa Wakitumbati, lililokuwa na ustaarabu wa hali ya juu na ambalo lilitoweka ghafla bila sababu na bila kumwachia mtu lawama. Watalii wa kupiga mbizi walikaribishwa.

Bi. Asumini alikuwa anachambua mchicha. Jirani yake, Bi. Salima, akachungulia juu ya ua akamuuliza kama amesikia kuwa wametoweka.

"Tangu lini?" akauliza Bi. Asumini.

"Miaka elfu tatu, shoga."

"Ndiyo maana magoti yananiuma," akasema, akaendelea na mchicha wake.

Msomaji asidhani serikali ile ilikuwa ovu. Ilikuwa na busara tu. Mji uliozama juzi huleta maswali, lakini mji wa kale huleta wageni. Na watu waliotoweka wana sifa moja nzuri ambayo watu waliopo hawana, nayo ni kwamba hawaulizi mji mpya umefikia wapi. Umri wa miaka elfu tatu ulipitishwa katika kikao. Mjumbe mmoja alipendekeza elfu tano, lakini wenzake wakaona huko kutakuwa kujisifu.

*

Kazi ya kuuchunguza mji huo alipewa Profesa Kasiani, Mkurugenzi wa Idara ya Waliotoweka, msomi mwenye suti nyeupe asiyejua kuogelea. Kwa kuwa hakujua kuogelea, alihitaji mtu wa kumzamia, na kwa kuwa mpiga mbizi wa serikali alibaki mmoja tu, Sikudhani akaitwa. Alipewa kamera na amri ya kushangaa.

Alishuka asubuhi, maji yakiwa meupe juu na ya kijani chini. Kwanza aliona ncha ya mnara wa msikiti, kisha paa la mashine ya kusaga, kisha barabara ya soko, imenyooka vile vile, imefunikwa tope laini kama unga. Akaifuata. Miguu yake iliijua njia kabla yeye hajaikumbuka. Mwisho wa barabara, kushoto, ulisimama mlango wa mvule wenye rangi ya buluu iliyobanduka, nusu wazi, namna mama yake alivyouacha.

Hakuingia mara moja. Alisimama nje akajikuta anasema hodi ndani ya barakoa yake, peke yake, na povu likapanda. Kisha akaingia, maana ni kwao. Jikoni yalikuwepo mafiga matatu, meusi upande wa ndani bado, na perege wadogo walikuwa wanapita katikati yake. Sikudhani alilia. Machozi ndani ya barakoa hayafutiki. Mtu huyaacha yakae na yeye. Alilia kwa uchungu, na chini ya uchungu akaisikia hasira inaamka, nzito, ya miaka yote ile.

Picha zake zilimfurahisha Profesa mno. Mita ya umeme kwenye ukuta wa nyumba ya imamu aliitambua papo hapo kuwa jicho la mungu wa kabila hilo. Baiskeli ya mwalimu mkuu ilikuwa chombo cha mateso. Mafiga, kwa kuwa yalikutwa kila nyumba, nayo yalikuwa sanamu za miungu watatu wanaotazamana. Sikudhani alimwambia yale ni mafiga, na kwamba nyumba ile ni ya mama yake, ambaye yuko pale kilimani na Profesa akitaka anaweza kwenda kunywa naye chai. Profesa alimtazama kwa huruma kubwa. Katika ripoti yake akaandika kwamba chanzo kisichokuwapo kimedai kuwa ni mafiga.

*

Muda si mrefu ikatoka amri. Ingefanyika Sherehe ya Kutangaza Utupu, mbele ya mabalozi na wapiga picha wa dunia. Mheshimiwa Waziri Telesphori Lugome mwenyewe angezama, aingie nyumba moja iliyohifadhika vizuri, anyanyue figa moja, apande nalo juu likawekwe makumbusho. Figa likishanyanyuliwa, mji ungehesabiwa rasmi kuwa hauna mwenyewe, na eneo lote lingekabidhiwa Wizara milele. Nyumba iliyochaguliwa ilikuwa ile yenye mlango wa buluu. Mtu wa kumwongoza Waziri angekuwa Sikudhani.

Alikwenda kwa Profesa akakataa. Profesa akamwambia kwa upole kwamba akikataa watamleta mpiga mbizi wa kigeni, ambaye atayang'oa yote matatu na kuuvunja mlango kwa mtaimbo. Tena asilifanye jambo kubwa, figa lenyewe ni moja tu, mawili yatabaki.

"Profesa," akasema Sikudhani, "figa moja haliinjiki chungu. Na mawili je, yanainjika?"

Profesa alisema hilo ni suala la upishi, si la idara yake.

Sikudhani alipanda kilimani. Aliyajua mambo haya yanavyokwenda. Jiwe lile likiwekwa ndani ya kioo huko mji mkuu, mama yake atakuwa amehamishwa kweli, naye atakuwa ndiye aliyemwonyesha mhamishaji njia. Alimweleza yote akiwa ameinamisha kichwa. Bi. Asumini alikuwa anapepea jiko la mkaa. Hakulia wala hakulaani. Aliuliza tu huyo Waziri ni mtoto wa nani, na Sikudhani hakujua.

"Mzamishe," akasema Bi. Asumini. "Mgeni akija kwangu lazima awepo mtu wa nyumbani. Nisingependa akute nyumba tupu."

*

Wakati huo huo, Kamati ya Itifaki ilikuwa na tatizo. Mabalozi walisikika wakisema kwamba kuingia nyumba ya marehemu na kubeba jiwe kunafanana na wizi. Profesa Kasiani akaja na dawa. Alikumbuka kwamba mila za eneo hilo, kama zilivyo za nchi nzima, zinamtaka mgeni apige hodi mara tatu. Basi Waziri apige hodi tatu mlangoni, zisikike kwa vipaza sauti pale ukingoni, na kwa kuwa hapatakuwa na wa kujibu, dunia itakuwa imeshuhudia kwa masikio yake kwamba nyumba ni tupu. Kamati ilimpigia makofi. Mila yenyewe inasema hodi ya tatu isipojibiwa mgeni hurudi zake, lakini Profesa alisema huo ni ufinyu, na mila inaweza kurekebishwa na wataalamu.

Katika kamati ile nzima, iliyojaa watu waliozaliwa na kulelewa na mama, hakuna aliyekumbuka jambo dogo. Katika nchi ile mtu hawezi kusikia hodi akanyamaza. Unaweza kumnyamazisha asidai shamba wala umeme wala mji mpya. Lakini hodi ikipigwa hujibiwa, hata na mgonjwa, hata na mwenye deni aliyejificha uvunguni, ambaye hujijibu mwenyewe kwamba hayupo.

Wakaazi wa Kwa Muda nao walipangiwa kazi. Wangekaa mbele, wamevaa kaniki, wakitwanga na kusuka ukili, ili kuwaigiza Wakitumbati wa kale. Katika mazoezi Profesa hakuridhika nao. Alisema hawafanani vya kutosha, akaagiza wasanii kutoka mji mkuu waje kuwafundisha namna ya kukaa. Siku ya sherehe, Mkuu wa Wilaya, ambaye alikuwa na fimbo fupi na sauti ndefu, aliwapanga mwenyewe. Aliwaonya kwamba waliotoweka hawasemi, na atakayefungua mdomo atashtakiwa kwa kosa la kuwepo bila kibali. Bi. Asumini aliwekwa mstari wa kwanza na kinu tupu, karibu na meza kuu. Juu ya meza kulikuwa na kipaza sauti, kimewashwa tayari, ambacho Profesa angekitumia kumpa Waziri maelekezo akiwa chini ya maji.

*

Waziri Lugome alikuwa amejifunza kupiga mbizi kwenye bwawa la hoteli, upande wa watoto. Cheti chake cha Mpiga Mbizi Mkuu wa Taifa kilitangulia kutoka, mafunzo yakafuata. Alisimama kwenye boti amebanwa na vazi la mpira mpaka shavu likatokeza, bendera imeshonwa tumboni, na usoni amevaa barakoa ya kisasa yenye kinasa sauti, ili hotuba yake isikatike kwa sababu ya maji. Sikudhani alipewa ya namna hiyo hiyo. Aliipokea kwa huzuni. Hata huku chini sasa hotuba zimefika.

Walishuka wakifuata kamba. Waziri alihutubia njia nzima. Aliyaeleza maji kwamba ni maendeleo, akamsifu samaki mmoja kwa utulivu wake. Walipopita sokoni alinyamaza kidogo, maana pale ilisimama meza ya muuza nyama na ndoano zake, na mtu yeyote aliyewahi kutumwa nyama angeijua. Lakini alikuwa Waziri, akaendelea.

Wakafika mlangoni. Sikudhani alijiweka pembeni ya kizingiti na kuishika fremu kwa mkono. Moyo ulimpiga mpaka akaogopa utasikika ukingoni. Aliwaza kwamba akijibu yeye, wangesema ni mfanyakazi wa serikali aliyevuruga sherehe. Na nani mwingine wa kujibu? Alimjua mama yake, lakini aliijua na fimbo ya Mkuu wa Wilaya.

"Hodi," akasema Waziri, kwa sauti ya jukwaani.

Kutoka juu hakikusikika kitu. Povu lilipanda taratibu. Sikudhani alikishika kizingiti kwa nguvu.

"Hodi," akasema tena. Safari hii katika masikio yao ulisikika mguno, kama watu wengi wanaokohoa kwa pamoja, na sauti ya Mkuu wa Wilaya inayosema *nyamazeni* chini chini.

Waziri alijiweka sawa kwa ajili ya ile ya mwisho, ile ya kihistoria. "Hodi!"

"Nani?" ikauliza sauti ya mwanamke.

Ilitoka kila upande, kavu, bila haraka, sauti ya mtu aliyeko jikoni na mikono ina unga. Waziri alishtuka akapiga kichwa kwenye fremu. Hapo malezi yakamzidi. Huyu mtu alikuwa na shahada nne na walinzi kumi na kitu, lakini kabla ya yote hayo alikuwa amelelewa, na aliyelelewa akiulizwa nani mlangoni ana jibu moja tu.

"Ni mimi, mama."

"Mimi ndiyo jina?"

"Telesphori, mama. Wa Mzee Lugome."

"Kwenu hamuamkii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini kwangu, Telesphori?"

Waziri alimtazama Sikudhani kama anayeomba kusaidiwa. Sikudhani aliyatazama maji. Huko juu alimsikia Profesa anasema *zimeni, zimeni*, na fundi anajibu kwamba akizima mitambo hatajua kama Mheshimiwa bado anapumua.

"Nimetumwa kuchukua figa, mama," akasema Waziri kwa sauti ndogo.

"Hao waliokutuma kwao hakuna mawe?"

Bi. Asumini akampa nafasi ya kujibu, kama mtu mzima anavyompa mtoto, kisha akasema:

"Mwenye nyumba nipo. Sijahama na sijafa. Ngoja hapo hapo nje mpaka nikukaribishe."

Na Waziri wa Maji, Utalii na Mambo Yaliyokwisha akangoja. Mlango ulikuwa wazi, mafiga anayaona, ni kunyoosha mkono tu. Hakunyoosha. Alining'inia pale nje, mapezi yakichezacheza, macho chini, mikono ameiweka mbele. Na huko ukingoni, kwa kuwa hodi ilishajibiwa na mazungumzo yalishafunguka, Bi. Salima aliuliza kutoka mstari wa pili, mgeni wa nani huyo. Bi. Asumini akasema wangu, shoga, ila hajui anachotaka. Mwingine akauliza amtumie kigoda. Bi. Salima akasema tena asiketi karibu na kwangu, ua wangu mbovu. Wakawa wanaongea mtaa mzima, kana kwamba kila mtu yuko kibarazani pake, Wakitumbati mia kadhaa wa miaka elfu tatu, na balozi mmoja akamuuliza mkalimani wake hawa ni akina nani. Mkalimani alikuwa kijana mwaminifu, bahati mbaya. Akasema ndio wenyewe.

Chini kule Sikudhani alicheka mpaka hewa ikamwishia haraka kuliko kawaida. Ya Waziri iliisha mapema zaidi, kwa ajili ya hotuba. Alimgusa bega akamwonyesha juu. Waziri hakuondoka hivi hivi.

"Mama, naomba niende," akasema.

"Nenda salama," akajibiwa. "Uwasalimie."

Akapanda mikono mitupu.

*

Serikali ile haikukaa kimya. Kesho yake ilitoka Amri ya Kusimamisha Hodi kwa Maslahi ya Taifa. Kuanzia siku hiyo, kupiga hodi mahali popote nchini ilikuwa kosa, kujibu hodi ilikuwa kosa kubwa zaidi, na kusema *karibu* kungesikilizwa kama uhaini hadi itakapothibitishwa kuwa ni ukarimu. Matokeo yake katika mji mkuu hayakutarajiwa. Watu waliingia ofisi za wakubwa bila kubisha, wakawakuta wakubwa wamelala. Naibu waziri mmoja alikutwa anakula kalamu. Lakini amri ni amri.

Polisi walitumwa Kwa Muda kumkamata Bi. Asumini kwa kosa la kuwepo. Walifika mchana na gari lao, vijana wanne na sajini wao, wakapanga mstari mbele ya mlango. Hapo ndipo walipokwama. Hodi sheria imeikataza, na kuingia nyumba ya mwanamke mtu mzima bila hodi, mama zao walikuwa wamewakatazia hilo kabla ya sheria haijaanza kuandikwa. Sajini alikohoa. Kijana mmoja akaburuta viatu. Ndani palikuwa kimya, isipokuwa mwiko uliokuwa unakwangua chungu.

Jua lilipowakolea, Bi. Asumini alisema kutoka ndani kwamba kama hawana la kusema basi wasimzibie upepo, wakae kivulini. Wakakaa. Akawatolea uji. Jioni sajini alituma habari makao makuu kwamba operesheni inaendelea. Iliendelea wiki ile na iliyofuata. Kufikia mwisho wa mwezi vijana wale walikuwa wanamchotea maji, na ua wa Bi. Salima walishautengeneza.

*

Profesa Kasiani alimwita Sikudhani mara ya mwisho. Hakuwa na suti nyeupe tena, alikuwa na ya kijivu. Alisema Serikali imeamua jambo hili limalizwe kimyakimya, bila wageni wala vipaza sauti wala hodi. Ashuke peke yake alete mafiga yote matatu. Asipoleta, kazi hana, na mtungi wa hewa ataurudisha siku hiyo hiyo.

Sikudhani alikubali kwa heshima akaenda nyumbani kumuaga mama yake. Alimwambia anashuka, na labda ndiyo mwisho wa kushuka. Bi. Asumini aliuondoa mchicha kwenye jiko la mkaa, akaumimina kwenye bakuli, akakiosha kile chungu chake kikubwa cheusi mpaka kikang'aa, akampa.

Asubuhi iliyofuata watu waliokuwa ukingoni waliona mpiga mbizi wa serikali akiingia majini amekumbatia chungu. Alipita mnarani, akapita sokoni, akafika mlango wa buluu. Alipiga hodi, na hilo lilikuwa kosa, akajijibu, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, akaingia. Aliyasogeza mafiga kidogo yakae imara, akakiinjika chungu. Kilikaa sawasawa, kama kimetoka pale jana. Nyumba yenye chungu mafigani, kwa Wakitumbati, si nyumba ya kubishaniwa. Alipotokeza juu alimkuta Bi. Salima anamsubiri na sufuria, na nyuma ya Bi. Salima walikuwa wamepanga mstari wanawake wa kilima kizima, kila mmoja na chombo chake, na wale askari wanne wakiwasaidia kubeba. Akashuka tena na tena na vyombo vyao, na mtungi aliurudisha hewa ilipokwisha kabisa.

Wizara imetoa maelezo. Inasema watu wa kale wa chini ya ziwa wameonekana kuendelea na mapishi, na kwamba wataalamu wanashughulikia namna ya kuwatowesha upya kwa kufuata taratibu.

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa amelowa, hana kazi. Mama yake alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, ambalo hakuliwasha. Alimuuliza kama ameinjika.

"Nimeinjika, mama."

"Kimekaa?"

"Kimekaa. Ila kimejaa maji."

Bi. Asumini alimtazama binti yake kana kwamba hakumfundisha kitu.

"Kwani umewahi kupika bila maji?" akasema. "Maji tayari, mwanangu. Sasa bado moto."